Kijiti cha Auleria

Auleria aliuza mapazia ya mitumba Manzese, na mtaji wake mkubwa ulikuwa mdomo. Mteja akitaja bei ya kuchokoza, yeye hucheka kwanza, kisha humsifia sebule ambayo hajawahi kuiona, na mteja huondoka na pazia akijiona yeye ndiye mjanja.

Uzazi wa pili ndio uliomharibia. Kifafa cha mimba kilimwangusha, akalala siku kumi na mbili wodi ya wagonjwa mahututi, mpira wa kupumulia ukiwa kooni. Mtoto akapona, mama akapona. Ila pale mpira ulipokwaruza, njia ya hewa iliota kovu, kovu likanenepa, hata ngazi tatu za nyumba yao Kimara akawa anazipanda anakoroma kama birika. Mwishowe akafanyiwa upasuaji, kovu likakatwa. Sharti moja: asitoe sauti wiki nzima.

Kwa hiyo mbele ya Daktari Wahiba, aliyejibu kila kitu ni mumewe, Ansbert; Auleria daftari lake la kuandikia kaliweka mapajani.

"Anatumia chochote chenye homoni? Vidonge, sindano, kijiti cha uzazi wa mpango?"

"Aa, hamna, daktari. Sie tunatafuta wa tatu."

Auleria akatazama sakafu. Kijiti kilikuwa mkononi mwake tangu mwaka juzi. Alikwenda zahanati peke yake, nyumbani akaaga kwamba anafuata mzigo. Aliogopa kufa, basi.

"Kwani inahusu nini?" Ansbert akauliza.

"Kovu la huku halina adabu, hupenda kurudi. Watafiti wanashuku homoni za kike zinagusa namna kidonda kinavyopona. Zinasaidia au zinaharibu, bado hatuna uhakika. Ila nikipewa habari za uongo, nitakuwa namtibu mtu mwingine."

Auleria akapima, kama anavyompima mteja. Akinyamaza, nyumba inabaki na amani, koo linabaki kwenye bahati nasibu. Akauvuta mkono wa daktari, akauweka kwenye mkono wake wa kushoto, upande wa ndani, juu ya kiwiko.

Daktari akapapasa. "Kumbe kipo," akasema taratibu, akaandika.

Ansbert aligeuka kama aliyemwagiwa maji. "Kitolewe?"

"Sijasema hivyo. Mimba nayo ina homoni zake, tena nyingi, na kwake yeye mimba ni hatari. Nendeni nje kidogo mzungumze."

Kwenye benchi la nje Ansbert alimgeukia mkewe.

"Mwaka juzi, Mama Gladness? Na mie kila siku nikikutania habari za wa tatu, unacheka tu."

Auleria akachukua daftari. *Nilikuwa nacheka ili usiulize. Sitaki kurudi kwenye ule mpira.*

Ansbert alisoma mara mbili. "Siku kumi na mbili nilikuwa nakuchungulia pale kiooni," akasema. "Nikiona kifua kimepanda, nasubiri kishuke. Nilidhani anayeogopa ni mie peke yangu." Akagusa mkono ule kwa ncha za vidole. "Kinauma?"

Auleria akatikisa kichwa.

Ansbert akainuka, akabisha hodi tena. "Daktari, yale majibu yangu yote yafute," akasema, akimpisha mkewe atangulie na daftari lake. "Muulize mwenyewe."