Yatima Asiye na wa Kumsindikiza

Juzi nilikuwa nasahihisha insha za wanafunzi wangu hapa Unguja, juu ya riwaya moja kongwe ya Kiingereza. Karibu wote wameshupalia kwamba yatima wa hadithi ile alijitambua siku alipoondoka kwao peke yake. Nikaweka kalamu chini. Rafiki yangu, nimechoka na kujitambua, ingawa zamani niliamini habari hizo kuliko wao.

Riwaya hiyo hiyo, ile iliyofupishwa kwa ajili ya skuli, niliisoma utotoni kwetu Tibirinzi, Pemba. Ulikuwa msimu wa karafuu. Bibi, jirani yetu na mimi tulikaa jamvini tukichambua karafuu kutoka kwenye vikonyo, vidole vyeusi kwa utomvu, nyumba nzima inanukia, na mimi nikiwasimulia kwa Kiswahili nilichokisoma. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda kusoma Unguja, na bibi alikuwa bado hajasema ndiyo wala la.

Nilipofika pale yatima anapopanda gari la farasi, bibi aliacha kuchambua.

"Nani kamsindikiza?"

"Hakuna, bibi. Anakwenda kujitegemea."

"Hana hata ammi? Hana shangazi? Masikini! Basi na weye huendi."

Nililia mpaka kwikwi. Yatima niliyemtegemea anitetee ndiye aliyeniharibia. Nikanuna, nikasusa hata mkate wa kumimina, na unajua mtoto wa Kipemba akisusa mkate wa kumimina mambo yameshafika pabaya. Jirani ndiye aliyeniokoa.

"Bi mkubwa, si umsindikize weye?"

Bibi akanisindikiza hadi bandari ya Mkoani. Pale gatini akawatazama abiria mmoja mmoja, akamchagua mama asiyemjua kabisa.

"Mwanangu huyu, nakukabidhi. Akifika, nijulishe."

Niliona haya kweli. Nilitaka kuondoka kama yule yatima, kichwa juu, bila mtu. Lakini bibi aliendelea hivyo hivyo kila likizo, hata nilipokuwa mwalimu mzima mwenye miwani, na wageni wale wakinimenyea machungwa na kuniuliza kwetu ni wapi, naye akinipigia simu kuhakikisha nimefika.

Mwezi uliopita tulimzika. Baada ya matanga nilikwenda Mkoani na begi langu, nikakata tiketi, nikakaa dirishani. Uhuru niliokuwa nikiulilia sasa ninao wote, na unanielemea. Nilifika Unguja salama. Simu haikulia.