Mkuyu wa Kwenye Ndoo

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, ndipo uendelee kusoma. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa sijanywa wala sijasinzia. Ningekuwa na namna ya kuyakana ningeyakana zamani, maana yamenitia hasira ambayo mpaka leo haijapata pa kwenda.

Shule niliiacha darasa la tano. Mwalimu alikuwa akisimama ubaoni, mimi nawaza ile barabara inayopita nje inaishia wapi. Basi nikaenda kuangalia. Nimevua dagaa, nimepakia pamba Bunda, nimechunga ng'ombe wa watu, nimechanganya zege. Hakuna mahali nilipomaliza mwaka. Wengine wana shamba, wengine wana mke. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu: nikiamka asubuhi nikasema naondoka, naondoka. Hicho ndicho nilichonyang'anywa.

Nilipofika Musoma nikapata kazi kwenye bustani ya miche kando ya barabara. Mwenye bustani alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Ujiji, mpole wa maneno lakini mkali kwenye maji. Ukimwagilia mche bila kuuliza, siku hiyo utasemwa mpaka jioni. Pale ndipo nilipoijua fikasi, ule mti ambao watu wenye nyumba za vigae wanauweka sebuleni. Alinifundisha kuchomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, ndipo umwagilie. Uweke karibu na dirisha, ila jua lisiupige moja kwa moja. Majani uyafute kwa kitambaa kibichi, maana vumbi linauziba pumzi. Halafu ukishaupatia mahali pake, usiuhamishe.

"Mti huu una kisirani," aliniambia. "Ukiusogeza tu, unakumwagia majani yote chini uone."

Nikamuuliza mbona ukiukata unatoa maziwa meupe kama mkuyu wa porini. Akasema ni ndugu, ukoo mmoja. Angejua neno hilo litanifikisha wapi, nadhani angenyamaza. Mimi nikishaanza kujiuliza jambo silali. Kama ni ndugu, mkuyu wetu utashindwaje kukaa ndani?

Wiki ile ile akanituma Butiama kupeleka miche kwa mteja. Wakati wa kurudi nikakata njia kwa miguu, nikapita kwenye mahame, mji wa watu waliohama zamani. Katikati ulisimama mkuyu mmoja mzuri, na chini yake mawe yamepangwa. Sasa unisikilize vizuri. Kwetu Majita, kijijini kwetu, mkuyu ni uzio. Ukihitaji kijiti cha kupanda unakata kwa jirani, na kesho yeye anakata kwako, hakuna anayeuliza. Nikatoa panga, nikakata tawi nene kama kifundo cha mkono. Mawe niliyaona. Nilijiambia ni mafiga ya zamani. Nani anapika kwenye mafiga yaliyolala urefu wa mtu? Hilo sikujiuliza, mimi ninayejiuliza kila kitu.

Tawi nikalipanda chumbani kwangu kwenye ndoo ya rangi, nikatoboa matundu chini, nikaweka mchanga na samadi iliyooza. Baada ya wiki chache likachipua. Amini usiamini, lilitoa majani mapana kama viganja, yanang'aa bila hata kufutwa. Mzee Shabani alikuja kuliona akasema, "Umepata mti, sasa tulia nao." Nikacheka.

Msimu wa pamba ulipofika rafiki yangu akanipigia simu, kazi ipo Bunda. Nikafunga nguo, nikabeba na ndoo yangu. Nikapanga chumba Guta, huko huko Bunda, kwa mama mmoja anaitwa Mama Bhoke. Siku ya pili majani yakaanza kudondoka. Sikushangaa, si nilishaambiwa? Kilichonishangaza ni mto wangu. Asubuhi ulikuwa umejaa nywele.

Siku ya tatu nilirudi mchana kula. Kufuli lilikuwa mlangoni kama nilivyoliacha. Nikafungua. Ndani, sakafuni karibu na ndoo, alikuwa amekaa mzee amejifunga shuka jeusi, anayafuta majani machache yaliyobaki kwa pindo la shuka, moja moja, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi. Miguu yake ilikuwa na udongo mbichi mpaka kwenye vifundo, na sakafu yangu ilikuwa kavu.

Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Shikamoo, mzee."

Akaendelea kufuta. Halafu akasema, "Umenihamisha mara ngapi?"

"Mzee, umeingiaje humu?"

"Nimekuuliza mara ngapi."

Utadhani niliogopa. Hapana, nilikasirika. Chumba nimelipia mimi, njaa inaniuma, halafu mtu anakaa ndani ananihoji kama mwizi! Nikamwambia atoke. Akanitazama kwa hasira kubwa kuliko yangu.

"Mimi nilizaliwa mahali pamoja," akasema. "Nikaoa hapo, nikafia hapo, nikazikwa hapo. Sijawahi kulala nje ya mji wangu hata siku moja. Wewe mjinga usiye na hata kigoda umenipakia kwenye basi kama gunia la mihogo."

Nikamshika mkono nimtoe. Ngozi yake ilichubuka chini ya kucha zangu kama gome bichi, na palipochubuka hapakutoka damu. Yalitoka maziwa, meupe, mazito, yakaninata vidoleni. Niliachia.

"Sasa utakaa," akasema. "Langu likidondoka, na lako linadondoka."

Sikumwona akitoka. Nilitazama vidole vyangu, na nilipoinua macho palikuwa na ndoo tu. Mlangoni alikuwa amesimama Mama Bhoke na mwiko wake mkononi.

"We kijana, unagombana na nani?"

"Huyo mzee aliyetoka sasa hivi!"

"Mzee gani? Nimekaa hapa nasonga ugali tangu umeingia. Umeingia peke yako, ukaanza kupiga kelele peke yako. Kama unavutaga bangi, useme, nina watoto mimi."

Vidole vilinata siku nne. Nilitumia sabuni, majivu, hata mafuta ya taa.

Sikuamini upesi, usinione mjinga. Kesho yake niliiacha ndoo pale Guta, nikapanda basi la Mwanza nianze maisha mapya. Kabla hatujafika nusu ya njia abiria wa pembeni aliniuliza kama naumwa. Nyusi zangu zote zilikuwa zimemwagikia shatini. Nikashuka, nikarudi. Nikakaa na mti ule, nikaumwagilia kwa kipimo cha kidole, na nyusi zikaanza kuota pamoja na majani. Mwezi uliofuata nikajaribu tena, mara hii kucha. Sitaki kueleza habari ya kucha.

Basi nikaamua kumrudisha mwenyewe kwake. Nikaibeba ndoo mpaka Butiama, na safari hiyo ikanila jino. Jirani na yale mahame nikamkuta mama anavuna mihogo, jina lake Wakuru. Kumbe ni mjukuu wa yule mzee. Nikamweleza yote. Alisikiliza ameshika jembe, akaangalia ndoo, akaangalia kichwa changu kilichopukutika.

"Wewe uliona mawe yamelala urefu wa mtu, ukasema ni nini? Kitanda?"

"Mama, nilikosea. Kwetu mkuyu ni uzio."

"Kwenu! Hapa ni babu. Siku ya maziko tulichomeka kijiti kichwani pake, kikashika. Kikishika, ndiyo mzee amekubali kukaa. Wewe umemkata umemtia kwenye ndoo ya rangi!"

"Ndiyo maana nimemrudisha. Nionyeshe pa kumpanda, niende zangu."

Akacheka, kicheko kibaya.

"Baba, mti wa kaburi tunapandaga siku ya maziko tu. Hatupandagi mara mbili, tutakuwa tunamwita mwingine wetu afe. Unataka tuupande leo?" Akasimika jembe chini. "Lete maiti."

Nilimsihi, nikamtukana, nikamsihi tena. Nilisema huu ni uonevu, tawi moja tu, hata mti wenyewe haukuumia. Akasema niondoke na babu yake kabla hajaita vijana. "Mtunze," akasema. "Utakapokufa wewe, waambie wakuchomekee huo. Hapo atatulia."

Sasa niko Musoma, nimerudi kwa Mzee Shabani. Safari ya kuja ilinila meno mawili. Mkuyu uko dirishani, umenenepa, umeivunja ndoo ya kwanza. Nilipouhamishia ndoo ya pili nililala hoi wiki nzima. Kila asubuhi nachomeka kidole kwenye udongo, naufuta majani, na nautukana kwa lugha zote ninazozijua. Sijavuka mji huu tangu hapo. Nasikia mabasi yanavyopiga honi alfajiri yakienda Sirari, yakienda Mwanza, na ninakaa kitandani nimefumba ngumi. Wakuru ana namba yangu. Hunipigia mara moja moja, anauliza majani yako mangapi. Hali yangu haulizi.

Kwa hiyo wewe unayependa kijani ndani ya nyumba, nunua mche bustanini, wenye mwenyewe anayejulikana. Ukiona mkuyu umesimama peke yake penye mawe, usiguse, hata kama kwenu mnakataga. Tafuta mtu wa pale kwanza, umuulize huyo ni nani. Ukiona aibu kuuliza, njoo Musoma unitazame mdomoni.