Anyesi Alivyoipamba Sampuli Yake

Anyesi ni dalali wa mahindi Kibaigwa, na kwa miaka kumi na minne hajawahi kuamini gunia kwa macho. Muuzaji ataapa mpaka kwa marehemu bibi yake. Anyesi anachomeka bambo katikati ya gunia, anachomoa punje, anatafuna moja. Juu kila mtu huweka mahindi mazuri. Hata yeye, akimuuzia mtu, huyapanga kwa mkono wake.

Lupasi, ugonjwa unaofanya kinga ya mwili iushambulie mwili wenyewe, ilimwanza kwa vipele mashavuni, vidole vikauma, kisha miguu ikavimba na mkojo ukatoa povu kama la sabuni. Dakta Octavian, wa kliniki ya figo mjini Dodoma, akasema anataka kunyofoa kinyama cha figo kwa sindano, kikaangaliwe kwa hadubini.

Anyesi akaitikia vizuri, akaenda kujipanga. Siku ya kurudi alikunywa lita tatu za maji tangu alfajiri. Mkojo ukatoka mweupe, kipimo kikaonyesha protini kidogo tu. Uvimbe ulishashushwa na vidonge alivyopewa mara ya kwanza. Damu nayo ikasema figo zinachuja kawaida.

"Umeona, dakta? Sindano yako mchome mwingine."

"Dada Anyesi, mkojo na damu vinaweza kuwa vizuri huku ndani kunaungua. Bila kinyama nitakuwa nabahatisha."

"Nyie mkikosa kazi mnatoboa watu."

Nje, mdogo wake Hilda aliyemsindikiza akamwambia, "Ungekuwa gunia, dada, ungeshajichoma mwenyewe."

"Mimi si gunia la kutoka Chemba, la kuchomwachomwa bambo," Anyesi akajibu, akacheka peke yake.

Miezi tisa baadaye alirudi uso umefura, presha juu. Safari hii hakubisha. Alilala kifudifudi, akachomwa.

Majibu yalipotoka, daktari alisema, "Panapowaka tutapazima kwa dawa. Ila zaidi ya nusu ya kinyama hiki ni kovu. Kovu halina dawa."

"Na ningekubali siku ile?"

Daktari akapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangika. "Pengine tungekuta moto bila kovu."

"Pengine, au tungekuta?"

"Sijui, dada. Hatukuchukua."

Hilda akamshika mkono. Anyesi akauchomoa, akauliza dawa zinaanza lini. Akajibiwa leo, na kwamba ile dawa yenye nguvu zaidi inaweza kumfungia uzazi. Ana miaka thelathini na sita, hana mtoto.

"Andika," alisema.