Herufi Alizonifundisha Kaka

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Muleba, simu ya maandishi ilikuwa na maana moja tu: kuna mtu amefariki. Mpeleka simu alipoonekana akisukuma baiskeli yake mlimani, wanawake walijishika vichwa kabla hata hajauliza njia. Kwa hiyo kaka yangu aliporudi kutoka Mwanza na kusema kwamba kazi yake posta ilikuwa kupiga na kupokea simu hizo, watu walimwogopa kidogo na kumheshimu sana. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alisimama nje ya kanisa letu la Kilutheri baada ya ibada na kuwaambia wazee wenzake, "Mwanangu huyu anaongea kwa kidole, na mtu wa Nairobi anamsikia."

Kahawa ya kibanja chetu ndiyo iliyompeleka Mwanza kusomea kazi hiyo. Mwaka aliokwenda yeye, mimi nilikuwa nimefaulu kuendelea na masomo, lakini tata alisema kahawa haiwezi kubeba watoto wawili kwa mkupuo. Nisubiri. Nikasubiri, nikipalilia, nikichuma na kuanika kahawa uani, mpaka misheni iliponipa nafasi ya kusomea ualimu. Sikumwonea kaka wivu. Wageni walipokuja nyumbani, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema, "Kaka yangu ni mtu wa telegrafu."

Miaka michache baada ya Azimio la Arusha, mkoa wetu ungali ukiitwa Ziwa Magharibi, nilikuwa nikifundisha darasa la sita. Kila shule ilitakiwa ionyeshe kwamba inajitegemea. Wengine walifuga kuku, wengine walilima migomba. Mwalimu Mkuu wetu alitaka kitu cha pekee cha kupeleka Bukoba kwenye maonyesho ya Sabasaba.

"Kitu kilichotengenezwa na wanafunzi wenyewe," alisema, "na kisichotudai tuchangishe wazazi."

Wakati huo nilikuwa nafundisha somo la umeme kwa chaki tupu. Watoto walinakili michoro ya betri bila kuelewa neno. Nikamwambia Mwalimu Mkuu kwamba tutatengeneza telegrafu ya kuchezea, ya bei rahisi kiasi kwamba mtoto yeyote ataweza kujiundia yake nyumbani. Nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia. Nilitaka watoto wale wazoee simu ya maandishi kabla haijawafikia kwa msiba.

Ilinichukua muhula mzima. Fundi wa gari wa misheni alinipa dinamo iliyoungua, tukafungua waya wake wa shaba taratibu, watoto wakiupokezana kama akina mama wanaovuta uzi. Tulizungusha waya ule kwenye msumari mnene. Ukiunganisha na betri za tochi, msumari unakuwa sumaku. Juu yake tuliweka ulimi wa bati tuliokata kwenye kopo la maziwa ya unga. Umeme ukipita, ulimi unavutwa na kugonga msumari: tak. Umeme ukikatika, unaruka juu: tik. Ubao ulitoka kwenye sanduku la sabuni. Kitu cha kubonyeza kilikuwa kipande kingine cha bati. Betri tu ndizo tulizonunua, na zikichoka tuliziweka juani zikapata nguvu kidogo.

Mwanzoni ulimi uliganda kwenye msumari na kukataa kurudi. Nilikunja bati upya, nikapunguza waya, nikabadilisha msumari. Mwisho nilibandika kipande kidogo cha karatasi kwenye kichwa cha msumari ili bati lisiguse chuma moja kwa moja. Likarudi. Darasa zima lilipiga kelele hadi Mwalimu Mkuu akaja mbio kuuliza nani ameumia.

Kilichobaki ni herufi, yaani zile alama fupi na ndefu ambazo zikipangwa pamoja zinasimama badala ya herufi za alfabeti. Kitabu cha alama hizo shuleni hatukuwa nacho. Mimi nilikuwa na kaka.

Alifurahi nilipomweleza. Aliigeuzageuza mashine yetu mikononi, akabonyeza, akacheka. "Dada yangu, umeniletea kazi yangu nyumbani!" Tulikaa barazani jioni kadhaa, yeye akigonga kwa kijiko kwenye sahani ya bati, mimi nikirudia. Herufi za mwanzo alizitaja haraka. Baadaye alianza kusitasita. Alifumba macho, akagonga, akatikisa kichwa, akagonga tena. Nilidhani anakumbuka. Nilipouliza herufi fulani adimu alisema, "Hiyo Waswahili hawaitumii, iache."

Nilimwomba aje shuleni awafundishe watoto mwenyewe. Alisema miguu inamuuma. Juma lililofuata alisema anakwenda Kanazi kumwona shangazi. Sikushangaa, watu waliofanya kazi za mjini huwa na sababu zao.

Watoto walizishika herufi zile kwa kasi iliyonitia aibu. Tulitandaza waya kutoka darasani hadi stoo ya majembe, wakawa wanaitana. Aliyewashinda wote alikuwa msichana mmoja wa familia ya Kikatoliki iliyokaa mlimani, juu ya shule. Akizungumza, alikuwa na kigugumizi, na darasani alijibu kwa kuandika. Mkono wake kwenye bati haukuwa na kigugumizi chochote. Aligonga kama mvua nyepesi ya asubuhi, na mwenzake kule stoo akaandika kila neno bila kuuliza. Nilimchagua yeye kwenda Bukoba.

Siku ya Sabasaba tulipanda basi, mimi, Mwalimu Mkuu, yule msichana na mwenzake, mashine mbili zikiwa zimefungwa kwenye kanga yangu. Uwanjani tulipewa meza kati ya shule iliyoleta sungura na kikundi cha kina mama wa kijiji cha ujamaa kilicholeta vyungu. Watu walijaa mbele yetu. Mtu alimnong'oneza msichana jina lake, msichana akaligonga, na mwenzake aliyekuwa upande wa pili wa kibanda akalitamka kwa sauti. Mzee mmoja alirudi mara tatu na majina ya wake zake.

Ofisa Elimu alipofika alipendezwa kweli. Akatuma mtu posta akamwite karani wa telegrafu aje aone. "Na yeye afurahi," alisema.

Karani alikuja akiwa na shati jeupe, mtu wa makamo, mpole. Akainama karibu na mashine, akafumba macho. Msichana akagonga: KARIBUNI WAGENI WETU.

Karani alifumbua macho. "Rudia, mwanangu."

Akarudia.

"Mkono wako ni mzuri sana," karani alisema. "Unasemaje?"

Msichana alinitazama. Nikasema mimi, "Amesema, karibuni wageni wetu."

Karani akaomba agonge yeye. Alipiga maneno machache, haraka na safi, na yule mwenzake kule ng'ambo aliandika, akafuta, akaandika, kisha akanyanyua kichwa na kusema kwa Kihaya kwamba mgeni huyu hajui. Watu walicheka. Ofisa Elimu naye alicheka. Karani hakucheka. Alinivuta pembeni, nyuma ya vibanda vya sungura.

"Mwalimu, nani amekufundisha herufi hizi?"

Nikamwambia. Nikataja jina la kaka yangu kwa fahari ileile ya siku zote, na kwamba alikuwa mpiga telegrafu posta ya Mwanza.

Uso wake ulibadilika, lakini si kwa ubaya. "Mwanza nilikuwapo," alisema. "Huyo namfahamu. Mtu mwema. Alikuwa akitupelekea barua kwa baiskeli na kutuchemshia chai."

"Kabla hajawa mpiga telegrafu?"

"Mwalimu," alisema polepole, "alijaribu mtihani, akashindwa. Akajaribu tena. Hakuwahi kukaa kwenye mashine."

Nilimwomba anigongee alfabeti yote kwa ukucha kwenye ubao wa kibanda, nami nikilinganisha kichwani. Herufi chache za mwanzo zilikuwa sahihi. Nyingine mbili tatu pia, zile ambazo mtu anayeleta chai angezisikia kila siku. Zilizobaki kaka yangu alikuwa amezitunga. Alizitunga vizuri, hakuna mbili zilizofanana, na hakuwahi kujikanganya jioni zote zile. Hilo ndilo lililonikata maini. Mtu anayekosea hukosea ovyo. Yeye alikuwa amekaa peke yake mahali fulani akanipangia uongo, herufi kwa herufi, akauhifadhi moyoni ili kesho yake anifundishe.

Karani alinihurumia. Alimwambia Ofisa Elimu kwamba mashine ni nzuri, ni ya akili, ila herufi zinahitaji kurekebishwa kidogo. Kidogo, alisema hivyo. Kisha alikaa na yule msichana mchana kutwa, akimfundisha herufi za kweli. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na nilimwona mtoto yule akisahihishwa tena na tena, kidole chake kikianza kwenda na kusimama, kwenda na kusimama. Alikuwa amepata kigugumizi mkononi. Nilitoka nikaenda kulia upande wa ziwani, nikanawa uso, nikarudi.

Zawadi walipewa watu wa sungura. Mwalimu Mkuu hakunilaumu. Katika basi la kurudi, tukiwa tumeshapita Kanazi, msichana alinigusa mkono.

"Mwalimu, t-tulikuwa tunasema uongo?"

"Nyinyi hapana," nilisema.

Kesho yake asubuhi nilimkuta kaka kwenye migomba, akikata majani makavu. Alinisalimia bila kugeuka. Nadhani alijua kwa jinsi nilivyotembea.

"Nimemwona mtu wa posta," nilisema. "Anakusalimu. Anasema chai yako ilikuwa nzuri."

Kisu kilisimama hewani. Kisha akaendelea kukata, jani moja, la pili.

"Kaka, kwa nini hukuniambia hujui?"

"Ningemwambia nani? Wewe, halafu wewe umwambie nani? Tata?"

"Ningenyamaza. Tungetafuta kitabu."

"Ulikuja na mashine mkononi na macho yako yakiwaka. Ulitaka nisemeje?"

"Sema sijui. Neno moja."

Alikaa kwenye gogo la mgomba. Alikuwa na jasho usoni na alionekana mzee kuliko umri wake. Nilikuwa tayari kumwonea huruma, kwa kweli nilikuwa karibu. Mtu aliyeshindwa mtihani ugenini na kuogopa kurudi nyumbani, nani asiyemwelewa? Ndipo akasema, "Nilidhani Sabasaba ni watu wa kilimo tu. Nilijua hakuna atakayejua."

Huruma ile ikaniisha papo hapo. Alikuwa amepima. Alijua nampeleka mtoto wa watu mbele ya mkoa mzima, akapiga hesabu ya uwezekano wa kufichuka, akaona ni mdogo, akaniacha niende. Asubuhi ya safari aliniletea hata ndizi za kuchoma za njiani, akanitakia heri.

"Usimwambie tata," alisema. "Moyo wake hautaweza."

Jumapili ile, tukiwa tumekaa chakulani, tata alimenya kiazi na kuniuliza, "Vipi Bukoba? Kazi ya kaka yako waliipenda?" Kaka alikuwa ameinamia sahani. Mama alikuwa akitabasamu, akisubiri. Nikasema, "Ndiyo, tata. Waliipenda sana." Tata akamtazama kaka kwa mapenzi ambayo mimi sikuwahi kutazamwa nayo, akamwongezea mchuzi. Niliona miaka yangu ya kuanika kahawa imekaa pale mezani, na hakuna aliyeijua isipokuwa mimi na mtu aliyeiiba, naye alikuwa akila.

Shuleni ilinibidi niwafundishe watoto upya. Wengi walikataa. Walisema herufi za kwanza ndizo zao, na baadhi ya wavulana waliendelea kuitana kwa herufi hizo kutoka stoo ili nisiwaelewe, ingawa nilizielewa zote. Yule msichana alijifunza za kweli hadi akawa mwepesi tena, lakini hakupenda tena kugonga mbele ya watu. Mashine yenyewe ilienea. Walimu wa shule nyingine walikuja kuinakili, na likizo moja, nikipita njia ya Biharamulo, nilisikia tak-tik ikitoka nyuma ya nyumba nisiyoijua.

Kaka alihamia kijiji kipya cha ujamaa kusini ya wilaya, akapewa ukatibu kwa sababu alikuwa amefanya kazi serikalini. Tata alifariki akiwa bado anamwita kaka "mtu wa telegrafu". Kwenye msiba tuliketi mkeka mmoja, tukashirikiana yote yanayotakiwa, na mpaka leo tunasalimiana vizuri na kuulizana habari za watoto. Wakati fulani alikuja kwangu akakuta redio yangu imekufa, akaishika na kuigeuza nyuma. "Niachie," alisema, "vitu hivi navifahamu." Nilimwambia asante, nikaichukua mikononi mwake, na siku ya gulio nikaibeba mwenyewe hadi kwa fundi Muleba.