Mishipa Sitini na Mitatu

Kwenye maabara ya utafiti wa saratani walimwita Hakosei, na jina hilo hakupewa bure. Miaka kumi na tisa aliinamia hadubini, akihesabu mishipa ya damu ndani ya vipande vya uvimbe vilivyokatwa vyembamba kuliko karatasi, vikabandikwa kwenye vioo na kutiwa rangi. Maana uvimbe nao una njaa yake: ukishakua, huita mishipa mipya iuletee damu. Hakosei aliitambua hata ile iliyojibana pembeni. Shingo ilimkakamaa, macho yakamwasha, na nani alimpa asante? Hakuna!

Halafu akaja wifi yake, mdogo wa mumewe, na digrii zake za hisabati. Huyu hakugusa kioo wala rangi. Alibonyeza kompyuta tu, nayo ikatabiri mishipa itachipuka wapi, na mingapi. Wakubwa wakamshangilia. Nyumbani ndiyo usiseme! Jumapili mezani, mama mkwe alimpakulia bintiye kwanza. "Mwanangu huyu anaona ndani ya ugonjwa bila hata kuchungulia," akajigamba.

Hakosei alijipakulia mwenyewe. Wivu ulimshika, na msimcheke, hata nyinyi ungewashika.

"Kesho ndiyo siku yenyewe," wifi akaropoka kwa furaha. "Kipande cha mwisho, kompyuta imesema sitini na tatu. Ikitimia, modeli yangu imepita." Kisha akaziba mdomo. Mhesabuji hatakiwi kujua namba inayotarajiwa. Ndiyo maana hata lebo za vioo hufunikwa.

Asubuhi Hakosei alihesabu. Sitini na tatu. Akafuta miwani, akaanza upya kutoka kona nyingine. Sitini na tatu ile ile, looo! Roho ikamuuma kwelikweli. Akaandika: arobaini na moja. Akaenda kunywa chai, chai ikamshinda.

Mchana wifi akaja, macho yamemvimba kwa kulia. Hakosei alijiweka tayari kwa ugomvi. Aliutaka ugomvi.

"Wifi, nimewaambia wakubwa modeli yangu imeshindwa. Walitaka mtu mwingine ahesabu tena, nikakataa katakata. Kila namba niliyotumia kujengea ile modeli ni ya mkono wako. Wewe ukisema arobaini na moja, basi kompyuta ndiyo iliyokosea."

Miaka kumi na tisa alikuwa akiyangoja maneno hayo, na sasa hakujua aangalie wapi.

"Kaa hapa," alisema mwishowe, akimvutia kiti. "Hesabu mwenyewe."

"Mimi sijui, wifi."

"Nitakuonyesha."

Wakahesabu pamoja, mshipa mmoja baada ya mwingine. Walipofika sitini na tatu, wifi aliinua uso kutoka kwenye hadubini, akamtazama.

Hakosei mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa wakubwa kukiri. Modeli ikapita. Siku hizi kila kipande huhesabiwa na watu wawili, na pale maabara wanamwita kwa jina lake la kwenye cheti.