Kidonge Kilichokobolewa

Mama yangu aliwahi kukoboa dawa ya presha. Aliitia kwenye kinu kidogo cha viungo, akatwanga taratibu, akapuliza maganda, akameza kilichobaki. Nikisimulia leo nacheka mwenyewe kabla sijafika katikati, ingawa siku yenyewe haikuwa ya kucheka.

Nilikuwa nimemaliza kusomea famasia na kurudi Ifakara kuuza dawa. Mama alikuwa ng'ambo ya mto, Lupiro, na shamba lake la mpunga. Presha ilishamchukua baba: alilala mzima, asubuhi hakuamka. Kwa hiyo daktari alipombadilishia mama dawa, akampa ile ya kumeza mara moja tu kwa siku, nilifurahi kuliko mgonjwa. Kile kidonge nilikipenda tangu chuoni. Ndiyo, mtu anaweza kupenda kidonge! Kilipofundishwa namna kinavyofanya kazi, wenzangu walikuwa wakisinzia darasani, mimi nimekodoa macho. Mama nilimwambia ameze kizima, asitafune, akaitikia vizuri tu.

Halafu asubuhi moja bodaboda ikasimama mbele ya duka, mama yuko katikati, na nyuma yake jirani amemkumbatia asidondoke. Alikuwa ameanguka shambani wakati wa kupandikiza miche, uso ndani ya maji. Bila yule jirani tungemzika. Tukamkimbiza hospitali, presha ikakutwa imeshuka vibaya sana, akatundikiwa dripu. Jioni alipoanza kuongea nikamuuliza.

"Shikamoo mama. Ile dawa leo umeimezaje?"

"Marahaba. Nimeikoboa kwanza," akajibu, tena kwa fahari.

Kumbe juzi yake mvua ilikuwa imeijaza njia ya chooni maji, akajisaidia kwenye ndoo, na humo akakiona kidonge kimetoka kizima kama kilivyoingia.

"Kwani mimi kuku, nimeze na maganda?" aliniuliza. "Dawa imo ndani, ganda linaibana. Nimetwanga, nimepeta, nimemeza chenga. Hapo kosa langu liko wapi?"

Ungemjibu nini? Bonde zima hili hakuna anayepika mpunga na maganda yake. Lakini mimi nilishika kichwa. Lile ganda ndilo linalogawa dawa, kidogo kidogo, mchana kutwa na usiku kucha. Mama alikuwa amelipuliza nje na kumeza dawa ya siku nzima kwa mkupuo mmoja. Nilimweleza hivyo, kwa haraka na kwa sauti kubwa kama kawaida yangu, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kututazama.

"Basi siitaki tena," mama akasema. "Nikiimeza nzima inatoka nzima. Nikiikoboa inaniua. Dawa gani hiyo?"

Hapo nikaogopa kwelikweli. Mama akisema sitaki, huwa hataki, na presha isiyo na dawa nilikuwa nimeshaiona ikiingia nyumbani kwetu. Maneno hayangesaidia. Mama ni mtu wa kuamini macho yake.

Aliporuhusiwa asubuhi moja, na daktari akasema aanze tena kidonge kizima jioni ya siku hiyo, nikamchukua kwangu Lumemo, hapohapo Ifakara. Tulipofika tu nikamimina maji ya uvuguvugu kwenye glasi, nikatumbukiza kidonge, nikaiweka dirishani penye mwanga. Mama akakaa mbele yake, mikono kifuani.

"Kimelala," akasema baada ya muda.

Nikamwambia asubiri, na wakati tunasubiri nikamweleza habari za polima, vitu vyenye molekuli ndefu kama minyororo. Ganda lile limetengenezwa kwa selulozi, kitu ambacho kimo hata kwenye mabua ya mpunga na maganda yake. Mama akacheka: kwa hiyo hakukosea kuyaita maganda! Nikasema hakukosea. Ila ganda hili linaruhusu maji kuingia, na ndani mna polima nyingine inayovimba ikipata maji, kama wali unavyojaa sufuria. Ikivimba inaisukuma dawa, na dawa haina pa kutokea ila kwenye tobo moja dogo ambalo kwa macho ya mama halikuwepo kabisa.

"Tobo? Mbona sioni..."

Ndipo likaanza. Uzi wa njano, mwembamba sana, ukachomoza kwenye kidonge na kushuka polepole ndani ya maji. Nilipiga kelele! Nilikuwa nimeusoma, nimeuchora kwenye mitihani, lakini kuuona nilikuwa sijawahi. Nikamvuta mama shingo, tukainama wote wawili, vichwa vinagongana juu ya glasi.

"Kinatapika!" mama akasema.

"Kinagawa, mama! Hivi ndivyo kinavyofanya tumboni mwako."

Siku ile duka sikufungua. Mama alikataa hata kuondoka kula, tukalia ugali palepale dirishani. Uzi haukukatika. Jioni nilikitoa kidonge, nje bado kizima, nikakipasua kwa wembe. Ndani mlibaki kitu laini kama utelezi wa bamia, na dawa imebaki nusu tu, ile ambayo ingetoka usiku. Mama akakibonyeza kwa kidole, akakinusa, akakibonyeza tena.

"Kumbe nilichokiona kwenye ndoo ni kibuyu kitupu," akasema.

Nilitamani kuruka. Lakini yeye alikuwa ameacha kucheka.

"Na mtu akilala? Chenyewe nacho kinalala?"

"Hakilali, mama. Kinagawa mpaka asubuhi."

Akaikodolea macho glasi. "Tangu baba yako afe sijalala vizuri," akasema. "Nafumba macho, halafu naamka kujishika kama bado napumua."

Sikujua. Akaomba maji, akaweka kidonge kizima ulimini, akameza. Kisha akajilaza kitandani kwangu kukiwa bado na mwanga, na kabla sijamaliza kuosha vyombo nikamsikia anakoroma.