Mauzo ya Rejaf Yaliyohesabiwa Kator

Hasira hiyo sijaimaliza, na sioni sababu ya kuimaliza.

Nilikuwa nimerudi Juba baada ya kukulia Kitale, Kenya, miaka ile baada ya mkataba wa amani, wakati kila aliyejua kuwasha kompyuta alipata kazi. Mimi nilipata kwenye kampuni iliyosambaza laini za simu na vocha. Ofisi yetu ilikuwa kontena mbili zilizounganishwa, jenereta ikinguruma nyuma. Meneja wetu alikuwa Mkenya, na kwa kuwa niliongea Kiswahili cha kwao, alikwishaamua kwamba mimi ni mtu wake. "Wewe tunaelewana," alikuwa akisema mbele ya wenzangu. Nilichukia kusikia hivyo.

Siku moja makao makuu wakatuletea programu ya kukokotoa kamisheni za wauzaji. Meneja akanikabidhi niifunge kwenye kompyuta na kuweka kanuni zake. Programu yenyewe haikuwa mbaya, na hilo nalisema hadi leo. Ilikuwa inauliza maswali ya maana: ni kitu gani kihesabiwe kuwa mauzo? Mauzo hayo ni ya nani? Yahesabiwe lini? Asiyefikia lengo afanyweje? Ni maswali ambayo watu wazima wangepaswa kukaa chini na kuyajadili. Sisi hatukukaa. Meneja alisimama nyuma ya kiti changu, funguo za gari mkononi, akanitajia majibu.

"Laini ihesabiwe ikipiga simu ya kwanza," alisema. "Na iwe ya muuzaji wa eneo lenye mnara ulioishika simu hiyo."

"Na Rejaf, bosi? Kule nje ya mji hakuna mnara."

"Rejaf ni Juba tu. Weka."

Nikamwambia kuna njia nyingine. Kila pakiti ya laini ina namba zake, na mtu wa stoo akiingiza namba hizo pamoja na jina la muuzaji aliyezichukua, programu itajua nani kauza nini, hata laini ikapige simu yake ya kwanza mbinguni. Akasema hiyo ni kazi ya kuchelewesha watu. Makao makuu walitaka ripoti mwisho wa mwezi. "Weka ya mnara," akasema, akatoka.

Rejaf ilikuwa na muuzaji mmoja, mama wa Kiganda, mpana wa mabega, aliyekuja Juba kuuza mitumba vita vilipotulia kisha akahamia kwenye simu. Sijaona mtu anayeuza kama yule. Alichukua laini asubuhi, akapanda boda na mkoba wake, na jioni mkoba ulirudi mtupu. Matokeo ya kwanza ya programu yalipobandikwa ukutani, jina lake lilikuwa la mwisho, kwa wino mwekundu. La kwanza lilikuwa la kijana aliyeuza Kator, mtaa wa mjini.

Alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu. Kisha akaja mezani kwangu.

"Dada, mimi iko nauza ama hapana uza?"

"Unauza, mama."

"Basi hii komputa yenu mbona hapana ona mimi?"

Nikaenda kwa meneja. Akanijibu kwamba programu haina ndugu wala adui, na kwamba wauzaji wote wana visingizio. Mwezi uliofuata, tena nyekundu. Na ile kanuni ya mwisho, ambayo pia aliitaja akiwa na funguo mkononi, ilisema kwamba nyekundu tatu mfululizo ni kwaheri.

Jumamosi moja nikamwomba yule mama nifuatane naye. Alikuwa ameweka meza karibu na mahali watu wa Rejaf walipokuwa wakipakia samaki na mboga kwenda mjini. Watu walinunua, na wengi walimjua. Mwanamke mmoja aliyelima bamia alinunua laini, akaiweka kwenye simu yake, akaitazama, kisha akaizima na kuifunga kwenye pindo la kitenge.

"Hupigi?" nikamuuliza kwa Kiarabu cha Juba.

"Hapa nitampigia nani? Hakuna mtandao. Kesho nikienda misa Kator nitampigia mwanangu Khartoum."

Nikaelewa hapo hapo. Nusu ya Rejaf ilikwenda Kator, kanisani, hospitalini, kwa jamaa, na huko ndiko simu zao zilikopiga kwa mara ya kwanza. Mama yule aliuza jua likimchoma, na mnara wa Kator ukamwandikia mtu mwingine. Na mimi nilikuwa nimeuliza! Nilikuwa nimeuliza siku ile ile, nikaambiwa Rejaf ni Juba tu, na mtu ambaye, nathubutu kuapa, hajawahi kukanyaga Rejaf.

Tukarudi. Njiani nikamweleza. Akasema, "Banange! Kumbe mimi iko napikia mtu chakula kila siku na yeye hajui."

Ni kweli, hakujua. Kijana wa Kator alikuwa amerejea kutoka Kenya kama mimi, amekulia kambini Kakuma, mcheshi, mvivu kidogo. Nilipomwambia, alikuna kichwa. "Ndiyo maana! Mimi nilishikwa na malaria wiki nzima, dada, nimelala kwenye mkeka, na bado nikaongoza. Nikafikiri labda ni Mungu."

"Utayasema hayo mkutanoni?"

"Nitasema."

Na alisema. Jumatatu, wauzaji wote wakiwa wamebanana ndani ya kontena, meneja alipomwita mbele kumkabidhi zawadi ya muuzaji bora, jiko jipya la gesi, yule kijana alisimama akalitazama, kisha akasema kwa sauti, "Bosi, haya mauzo si yangu. Ni ya mama wa Rejaf. Mimi nilikuwa mgonjwa."

Watu walicheka, wakidhani ni mzaha. Nami nikasimama, nikaeleza habari ya mnara, ya misa, ya yule mwanamke wa bamia. Kicheko kikaisha. Muuzaji mmoja wa mtaa wa New Site akasema na yeye ana wateja wanaopigia simu kwingine.

Meneja aliwekwa pabaya, na niliona usoni mwake kwamba ametuelewa vizuri. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Angekuwa hajaelewa ningemsamehe. Alielewa, akapiga hesabu ya aibu yake, kisha akasema, "Kanuni haibadilishwi katikati ya msimu. Tukimsikiliza mmoja, kila mtu atakuja na hadithi yake."

"Si hadithi," nikasema. "Twende Rejaf sasa hivi, gari lako liko nje."

Hakwenda. Mwisho wa mwezi programu ikatoa nyekundu ya tatu, na mama akapewa barua. Meneja hata hakumpa mwenyewe. Aliiacha kwa mlinzi wa getini.

Siku hiyo nilimwandikia fundi wa makao makuu moja kwa moja, bila kumwomba mtu ruhusa. Akanijibu kabla ya chakula cha mchana, akishangaa kwa nini hatukutumia namba za pakiti tangu mwanzo, maana programu ilitengenezwa kwa njia hiyo. Wakubwa wake waliagiza kanuni ibadilishwe, nami nikaibadilisha. Kazi yenyewe haikufikia muda wa kunywa chai.

Nilimfuata yule mama nyumbani kwake, maana alikaa Kator hiyo hiyo, kumwambia arudi. Nilimkuta anakanda unga wa chapati, na lile jiko la gesi liko mlangoni linawaka. Kijana alipewa hata hivyo, akamletea. Mama hakumshukuru, aliniambia, kwa sababu lilikuwa lake.

"Mama, kanuni imebadilishwa. Rudi."

"Hapana, dada. Wewe iko mtu mzuri. Lakini ile nyumba ilisema mimi mvivu, tena kwa ukuta, kila mtu anasoma. Kalas. Imekwisha."

Akanipa chapati ya moto, akakataa nilipe wala nikae kimya. Alitaka habari za wanangu.

Mwezi uliofuata barua ya pongezi ilikuja kutoka makao makuu, ikimsifu meneja kwa kuboresha upimaji wa utendaji. Aliisoma mbele yetu, akanitazama, akasema, "Hii ni kazi yetu sote."

"Si yetu sote," nikamwambia. "Wewe ulikataa."

Aliikunja ile barua, akaitia mfukoni. Nilikaa pale miezi michache zaidi, akinisalimia kwa mbali, kisha nikapata kazi kwingine. Rejaf walimweka muuzaji mwingine, mtu mpole tu, na nusu ya laini zake zilirudi jioni ndani ya mkoba.